Uzinduzi wa Kaushio la Jua Katika Ukungu wa Igowole

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa vitongoji mliofika na mliotuma udhuru, mashehe wetu, wachungaji wetu, Bi Shufaa wa makao makuu, ambaye fomu ya tathmini aliyoipakata ndiyo itakayoamua kama tunapewa fezi ya pili au mimi narudishwa masjala, kwaya, wazazi, na watoto wetu walengwa. Kamwene! (Umati: "Kamwene!") Niliyemsahau anisamehe, miwani yangu imeingia ukungu. (Vicheko. Ya kila mtu imeingia.)

Mimi Liberatus, Mratibu wa Mradi Jumuishi wa Mboga na Mshono kwa Watoto, nimetoka Mbeya alfajiri kuja kuwaarifu kwamba, kwa kuzingatia mpango mkakati, kapasiti bildingi, na vikao kumi na vinne vya wadau, vyote vikiwa na chai na maandazi, mradi huu umewafikia watoto mia tatu kumi na wawili nukta tano. (Makofi. Sauti ya mama: "Huyo nusu ni wa nani?") Nusu, mama yangu, ni makadirio. Takwimu ni sayansi.

Ndugu wananchi, tazameni kaushio letu la jua! Mbao, wavu, nailoni mpya. Kitaalamu, majani ya maboga hukauka humo kwa siku mbili. (Sauti: "Jua lenyewe liko wapi, Mratibu?") Swali zuri sana. Kwamba Igowole mwezi wa saba jua huja kwa nadra kama mimi, hilo lilikuwa nje ya hadidu za rejea. (Vicheko virefu. Bi Shufaa anaandika.) Bi Shufaa, usiandike kwanza.

Andika matokeo! Mezani pale pana vifurushi arobaini vya mboga kavu, na vitambaa vilivyopigwa bandi na kukunjwa pindo, mishono imenyooka kuliko barabara niliyokuja nayo. Mimi kifungo tu hunishinda. Shati hili limeshikwa na pini, mke wangu ni shahidi. Lakini watoto hawa, kupitia mtaala wetu shirikishi... Esnath, mwanangu wa darasa la nne, njoo umweleze Bi Shufaa mboga zinakaushwaje.

(Esnath: "Shikamoo, mama. Unachemsha maji, unatia chumvi, unatumbukiza majani, unahesabu mpaka mia, unaopoa. Yakichuja maji unatandaza kwenye ungo, unauning'iniza juu ya moto jikoni.")

Kwenye kaushio, mwanangu.

("Hapana, baba. Humo kuku ametaga leo asubuhi." Vifijo.)

Basi mradi umevuka malengo! Na haya, pamoja na pindo, ulifundishwa na nani? Sema kwa sauti.

("Na bibi. Wewe ndiyo kwanza nakuona leo." Bi Shufaa: "Na hivi vifurushi ni vyenu, mwanangu?" Esnath: "Hivyo vimekuja na gari la Mratibu. Vyetu tulikatazwa kuleta, vina masizi.")

Watoto, jamani! (Sauti kutoka nyuma: "Mratibu, maliza, basi la Mbeya linaniacha!") Namalizia, Bi Batuli, namalizia.

Kaulimbiu yetu! Mboga na mshono! (Watoto: "Bibi oyee!") Siyo hiyo. Mboga na mshono! ("Bibi oyeee!") Haya.

Kwa kuwa hakuna shughuli isiyo na shukrani, nami sikulelewa kuazima cha mtu nikakaa kimya: namshukuru Bi Batuli wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, mwenye vifurushi vile arobaini, aje avichukue, kesho anafungua meza. Namshukuru fundi Muharami kwa vitambaa. Namshukuru Mtendaji kwa banda lake la vifaranga tulilolifunika nailoni. Yai tumeliacha humo humo. Mradi wenyewe ningeushukuru pia, ila hatujawahi kukutana. Vikao vilikuwa vya kweli, na chai ilikuwa tamu.

Bi Shufaa, naona umekunja fomu unamfuata Esnath jikoni kwa bibi yake. Inama mlangoni, pana moshi. Hiyo fezi ya pili mwandike yule bibi. Na ukitoka, unikumbuke lifti mpaka masjala. Gari nililokuja nalo, nalo la kuazima, mwenyewe keshalichukua.