Maumivu ya Kiuno kwa Debe la Mpunga

Melkiadi aliingia kijijini kuuza dawa ya mgongo, na mpaka jua linafika utosini hakuwa ameuza hata kichupa kimoja. Kilikuwa kijiji cha upande wa Majimoto, mwezi wa pili, mwaka wa sabini na sita, wakati wa kupandikiza mpunga. Kama kuna wakati ambapo binadamu huumwa kiuno, ni huo: unainama asubuhi ndani ya maji, unainuka jioni umekunjika kama kisu cha mfukoni. Kwa hesabu hiyo alikuwa ametoka Makanyagio, kule Mpanda, na begi lake la vichupa vya mafuta ya taa yaliyochanganywa na pilipili kichaa. Kumbe alikosea jambo moja. Wanawake wa pale walikuwa na migongo mibovu lakini hawakuwa na nafasi ya kumsikiliza, na wanaume walikuwa na nafasi tele lakini migongo yao ilikuwa mizima kabisa.

Huyu Melkiadi msimhurumie mapema. Alifagia zahanati moja ya masista kwa miaka miwili, akaondoka na koti jeupe ambalo hakupewa na mpira wa kusikilizia moyo ambao hausikii kitu. Tangu siku hiyo akajiita daktari, bila haya, na watu wazima wenye ndevu zao wakamwitikia.

Alikuwa anafunga begi aondoke wakati mtu mmoja aitwaye Ponsian alipomvuta nyuma ya kihenge cha mpunga. Ponsian alikuwa na mabega ya kubeba kinu na sauti ya mtu anayeungama.

"Mgongo wangu mzima, daktari," alinong'ona. "Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Akaeleza. Tangu watu wahamishiwe kijijini, kulikuwa na shamba la wote, na kila mtu mzima alitakiwa kushuka majarubani, ndani ya maji ya mpunga. Mwenyekiti, mzee Bartolomeo, alipita kila asubuhi na daftari. Asiyefika alitozwa kuku. Mgonjwa peke yake ndiye aliyesamehewa, na siku ya mavuno alipata fungu sawa na wenzake. Ponsian alikuwa amejaribu malaria, Mwenyekiti akaja akamshika paji la uso. Alijaribu kuhara, Mwenyekiti akaleta kigoda akakaa karibu na choo akisubiri. Lakini kiuno, alisema Ponsian, kiuno nani atakiona?

Melkiadi alitaka kucheka, akajizuia. Alikuwa amekuja kuwauzia dawa watu wenye ugonjwa, kumbe soko lilikuwa la ugonjwa wenyewe. Akakohoa kidaktari, akataja bei: debe moja la mpunga. Ponsian hakubishana. Akaingiza mkono kwenye kihenge, akachota mpunga ambao mke wake Romana alikuwa ameuweka kuwavusha mpaka mavuno.

Kesho yake Ponsian alilala mbele ya nyumba yake akilia kama mama mwenye uchungu, na Mwenyekiti akaitwa. Melkiadi alivaa koti. Alikuwa ameokota pingili za uti wa mgongo wa ng'ombe machinjioni, akazitunga kwenye spoku ya baiskeli, na hizo akazichezesha mbele ya macho ya mzee. Akasema kati ya pingili na pingili kuna kisahani kidogo laini kama mto wa kulalia, mtu akiinama na kuinua vibaya kisahani kinachomoka, mshipa unabanwa, maumivu yanateremka mpaka mguuni. Hayo yalikuwa kweli tupu. Aliyasikia kwa sista huku anafagia. Uongo ulianzia kwenye tiba.

Maana sista yule alikuwa hawapi wagonjwa wa kiuno nafasi ya kudeka. Aliwafukuza kitandani. Amka, tembea, aliwaambia. Ukilala mgongo unakakamaa. Mzigo uchutamie kwa magoti, uukumbatie tumboni ndipo uinuke. Ukiinama muda mrefu, simama ujinyooshe. Jioni weka kitambaa cha moto. Melkiadi aliyageuza yote kichwa chini miguu juu, maana nani atalipa debe ili aambiwe atembee? Akaagiza Ponsian alale chali siku ishirini na moja, asishike jembe, asiiname, apewe supu ya kuku. Mzee Bartolomeo hakuogopa chui wala mkuu wa wilaya, lakini mbele ya koti jeupe alikuwa mtoto. Akaandika kwenye daftari: mgonjwa.

Ndani ya wiki moja kijiji kikapata wagonjwa kumi na tisa, wote wanaume, wote pingili ileile. Aibu gani! Wengine hawakujua hata kiuno kiko upande gani. Mmoja alishika goti mpaka akakumbushwa. Walilala barazani, wakacheza bao kwa ubavu, wakanywa supu. Chini majarubani wanawake walibaki peke yao na shamba zima, na miche ilikuwa inazeeka kitaluni. Ikipita wiki nyingine mbili bila kupandikizwa, mwaka huo kijiji hakivuni, na vihenge vilikuwa vinakauka debe baada ya debe kuelekea nyumba ya wageni alikolala daktari. Melkiadi aliyahesabu magunia yake. Alitaka yafike sita, kisha Jumamosi apande nayo lori la Mpanda, afungue duka, aheshimike.

Romana aligundua pengo kwenye kihenge chake, akakifunika, akashuka shambani. Yeye kiuno kilikuwa kinamuuma kwelikweli, mwaka wa sita sasa, na alikuwa amekizoea kama mtu anavyomzoea mkwe mkorofi. Akimaliza mistari miwili ya miche alipanda tutani, akashika kiuno, akajinyoosha kwa nyuma, akatembea mpaka mwisho wa tuta na kurudi, akaingia tena. Jioni yeye na wenzake walikwenda kwenye chemchemi ya maji ya moto, wakakaa humo mpaka kifuani. Huko chemchemini ndiko walikoongea, na waliyoyaongea Melkiadi hakuyasikia.

Alichokiona yeye ni Romana akija kwake na kuku kwapani, ameinamisha kichwa. Akasema yeye ni mama asiyesoma, anaogopa kumuua mume wake kwa kutojua. Je, nyama haiwezi kumdhuru mtu wa kiuno? Melkiadi akamtazama kuku. Alikuwa kuku mzee aliyeacha kutaga, lakini kuku ni kuku. Akajibu kwamba nyama ni nzito, inakandamiza pingili, isitumike kabisa. Supu je? Supu ni mama yake nyama. Romana akashukuru kwa kupiga magoti.

Baadaye akaja Imakulata na kuku wake, akauliza habari za pombe. Pombe inalegeza visahani. Akaja Getrude, akauliza kama godoro la majani si laini mno. Ni laini mno. Mgonjwa alale juu ya ubao. Wa nne alikuja kuuliza, kwa haya nyingi, kama mgonjwa anaruhusiwa kulala na mke wake, na hapo Melkiadi alishtuka jinsi anavyoulizwa, lakini mama huyo alikuwa na kuku wawili. Akapiga marufuku. Mjanja huyu, anayedhani wanawake wa mashamba hawana akili, alijiona mfalme: anakula kwa mume, anakula kwa mke.

Wanaume walipata taabu. Walikula mlenda asubuhi, mlenda jioni, wakalala kwenye mbao mpaka migongo mizima ikaanza kuuma kweli. Na watasema nini? Aliyesema amepona angepelekwa majarubani siku hiyohiyo. Aliyesema hakuwa mgonjwa angetozwa kuku wa siku zote. Ijumaa alasiri wakamjia Melkiadi mmoja mmoja, wameshika viuno, wakimwomba awatoe kwenye masharti ya dawa.

Tamaa ilimwonyesha njia. Akawauzia kupona nusu. Kwa debe jingine, mgonjwa aliruhusiwa kula nyama, kunywa pombe, kutembea na kurudi kwa mkewe, ila kwa mwaka mzima haruhusiwi kuinama wala kuinua kitu kizito kuliko kikombe cha chai. Wanaume walimshika mkono kwa machozi. Hawakuwahi kuona ugonjwa mzuri namna hiyo. Usiku haujaingia magunia yalikuwa sita, na Melkiadi akapatana kwa siri na Ponsian na wenzake watatu wambebee mpaka barabarani asubuhi, watu wakiwa shambani.

Asubuhi ya Jumamosi Ponsian na wale watatu walifika. Walikuwa wameshatema mate viganjani wakati walipoona Romana anakuja, nyuma yake wanawake wote wa shamba wamebeba nyungo na vikapu, na mbele yao mzee Bartolomeo amevaa koti lake la mikutano. Romana alikuwa amemwambia Mwenyekiti kwamba ni utovu wa adabu daktari kuondoka bila kuagwa.

Mikono ya Ponsian ilirudi kiunoni yenyewe. Melkiadi akamkonyeza. Ponsian akatazama daftari lililokuwa kwapani mwa Mwenyekiti, akatazama gunia.

"Daktari, wewe mwenyewe ulitukataza," alisema. "Kikombe cha chai, ulisema."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema ndivyo inavyotakiwa, amri ya daktari isivunjwe, hasa mbele ya daktari. Wanaume wengine walikuwa wamekwisha kusogea, na kila mmoja alishika kiuno. Melkiadi akawageukia wanawake. Romana akamwambia kwa upole kwamba wao wamechoka, wiki mbili wanafanya kazi ya watu wawili wawili. Kwa mbali lori likasikika linapanda kutoka darajani. Lile lori lilikuwa halisubiri mtu, na lingine lingekuja Mungu akijalia.

Basi Melkiadi akavua koti. Mtu aliyesikia mafundisho ya sista miaka miwili akasimama mbali na gunia, magoti yamenyooka, akainama kwa kiuno kitupu, akalivuta kwa pupa na kujipinda apate kulirusha begani. Kitu kikamkatika chini ya mkanda. Alihisi moto unateremka mguuni mpaka kwenye kisigino, akaanguka kifudifudi, gunia likamwegemea ubavuni.

Mzee Bartolomeo alidhani ni somo la kuaga. Aliwaambia watu watazame vizuri, hivyo ndivyo usivyotakiwa kuinua mzigo, na baadhi yao wakapiga makofi. Melkiadi alilia kwamba anakufa, kwamba safari hii ni kweli. Wanaume waliijua vizuri sauti ile. Walikuwa wamelia hivyohivyo kwa debe moja moja.

Romana hakuwa na muda wa kupiga makofi. Alifungua mdomo wa gunia la kwanza, akazamisha kikapu. Akamwambia Mwenyekiti, bila kupandisha sauti, kwamba mpunga huu ni wa kuwavusha watoto mpaka mavuno, umetoka kwenye vihenge vya akina mama bila ruhusa yao, na sasa unarudi. Wanawake wakayavamia magunia. Hapo Ponsian aliona mpunga unakwisha bila yeye kupata wa kwake, na uroho ukamsahaulisha kiuno. Akaruka, akanyanyua gunia zima peke yake, akaliweka begani, akaanza kukimbia.

"Ponsian," aliita Mwenyekiti. Ponsian akasimama na gunia lake begani, amenyooka kama mkuki. "Hebu linganisha hilo na kikombe cha chai."

Mzee alifungua daftari, akafuta majina kumi na tisa kwa mstari mmoja mrefu, akawatanguliza wanaume wote majarubani kama walivyo, wengine na suruali zao za Jumapili. Miche ilikuwa bado haijazeeka. Watu kumi na tisa wangeiwahi.

Lori lilifika. Dereva alisema nafasi iko juu ya mzigo tu, na kupanda huko kunataka mtu aweze kuinua mguu. Melkiadi hakuweza hata kuinua shingo. Aliomba watu wa kumnyanyua. Hakubaki mwanamume hata mmoja. Lori likaondoka na vumbi lake.

Romana alikuwa wa mwisho kuondoka. Aliweka kikapu chake cha mpunga kichwani kwa kuchutama kwanza, akainuka na magoti, kisha akamtupia Melkiadi fimbo. Akamwambia asilale hapo, mgongo utakakamaa. Aamke, atembee polepole, akichoka asimame ajinyooshe, akifika chemchemini akae kwenye maji ya moto, kisha aendelee.

Melkiadi alimtazama kutoka mavumbini. Maneno yalikuwa yaleyale ya sista, lakini yeye alikuwa amewauzia watu wengi mno maneno matamu hata asiweze kuamini neno la mtu.

"Mama, hiyo ni kweli, au unanikomoa?"

"Wewe ndiye daktari, baba," alisema Romana. "Jipime."

Akashuka shambani. Melkiadi alitambaa mpaka kwenye fimbo, akajinyanyua kidogo kidogo huku jasho linamtoka, akapiga hatua moja, akapiga ya pili. Kufika ya kumi maumivu yalikuwa yamelegea kidogo. Njia ya Mpanda ilikuwa ndefu mbele yake, yote ya miguu, na alijua sasa kwamba kila hatua ni dawa, na kwamba katika dawa zote alizowahi kubeba, hii hatapata mtu wa kumuuzia.