Vivumishi vya Kukwepa Upupu

Jumatatu, 3 Februari 1975. Rutamba.
Shamba la kijiji limejaa upupu. Nimejikuna mpaka mke wangu Kazija amehamisha mkeka wake. Lakini nimepata njia. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mfaume, anatafuta mtu wa kufundisha Kiingereza darasa la watu wazima. Mwalimu hupumzishwa jembe. Nimemwendea, nikampa shikamoo mbili, nikasema nakijua chote. Ninachojua ni vivumishi tu. Tulipofika hapo niliacha shule. Amenipa wiki ya majaribio, na tayari naitwa Mwalimu Dadi.

Jumatano, 5 Februari.
Somo la kwanza. Nimewaeleza kuna vivumishi vya sifa, vya idadi, vya kuonyesha, vya kumiliki. Vya Kiingereza hutangulia jina na havibadiliki: mtu ni “big”, viti ni “big”. Bi Ziada, mmoja wa wanafunzi, kasema hivyo ni vivumishi vivivu. Kwenye kumiliki akataka “my” ifutwe ubaoni, kijiji cha ujamaa kinatosheka na “our”. Nimefuta. Shambani sijakanyaga, na ngozi imetulia.

Ijumaa, 7 Februari.
Balaa. Mwenyekiti kaja kukagua. Somo: kulinganisha sifa. Nikaandika “big, bigger, biggest”, nikaomba mfano mwingine. Kasimama Evaristo, Mngoni, mtani wetu sisi Wamwera. Akauliza Kiingereza cha mvivu. “Lazy,” nikamjibu, kwa madaha. Basi, akasema, mkwewe ni “lazy”, mbwa wake ni “lazier”, na Mwalimu Dadi ni “laziest”. Darasa zima likaitikia kwa pamoja, kama nilivyowazoesha. Mwenyekiti naye.

Mtani akikutania, unacheka. Ukikasirika unatozwa kuku. Najua hayo tangu utotoni. Nikamrushia chaki, nikamwita mshenzi.

Jumamosi, 8 Februari.
Wazee wameamua: nitoe jogoo, na darasa nimwachie mwingine, maana asiyevumilia utani hawezi kufundisha watu wazima. Jumatatu narudi shambani. Evaristo kaja kumkamata jogoo mwenyewe, akisema ni “our” jogoo. Tumemla pamoja, nimepewa shingo. Akapendekeza nipangiwe mstari wenye upupu mwingi. Nilicheka kwa nguvu, maana jogoo wa pili sina. Roho iliniuma.

Kazija kasikia kisimani kuwa zahanati inatafuta msaidizi anayejua dawa. Naijua aspirini. Kesho nampa Mwenyekiti shikamoo tatu.