Kikombe cha Kapteni

Jumatatu, 12 Agosti 2024. Jinja.
Leo nimepata akili ya utajiri. Tena nikiwa nimekaa juu ya ndoo!
Haboba Ramula, bibi yangu, alikuwa anapika waragi, pombe kali yetu, kwenye chungu cha babu yake, Sajini Bakhit, aliyeletwa na Wazungu kutoka Sudan. Mwenyewe haonji hata tone. Kikombe cha kwanza humwagwa kizingitini. Ni cha Kapteni, Mzungu aliyekunywa cha kwanza kila siku, akafa kikombe kitupu mkononi. Akinyimwa, Haboba anasema, atakuja kutafuta askari wapya.
Kazi ya kumwaga kapewa binamu yangu Swaib. Eti mimi sina mkono mwaminifu. Mimi, niliyefika Senior Two na nusu!
Nimembadilishia kikombe. Swaib kamwaga maji, tena kwa heshima. Cha Kapteni kiko kwenye chupa, chini ya godoro langu.

Jumatano, 14 Agosti. Nakaloke.
Msimu wa tohara, ngoma mpaka Mbale mjini. Watu wana kiu. Nimempelekea chupa rafiki yangu Geresom, mwenye kilabu cha malwa, pombe ya ulezi inayoongezwa maji ya moto na kuvutwa kwa mirija. Nilimwambia aonje kifuniko kimoja tu, akipenda tupange biashara. Kumbe kaimimina yote kwenye chungu, badala ya maji ya moto! Na hapa chungu ni kimoja, mirija minane. Wamevuta wote, Geresom akiwemo. Wakasema tamu.
Mimi sikuvuta. Si woga. Tumbo.

Alhamisi, 15 Agosti.
Asubuhi wanaume wanane wamesimama mstari mmoja nje ya kilabu. Miguu pamoja. Macho hayapepesi. Geresom, ambaye Kiswahili chake ni "bwana" na "lete", anaongea cha kambini, safi kunishinda. Nikamwita jina.
"Namba tatu, Afande," akasema.
Jovia, mchumba wake, alikuwa pale. Harusi ni Jumamosi. Hakulia. Alinishika ukosi, akasema polepole, "Ridwan, nirudishie mume wangu. Ama utasimama wewe pale alipo."
Nikacheka. Meno yakagongana.
Kisha wakageuka, wakaanza kutembea. Barabara ya Jinja.

Ijumaa, 16 Agosti. Jinja.
Nimemwambia Haboba ukweli, karibu wote. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Kasema wakivuka kizingiti chetu hawarudi tena. Dawa ni moja: aliyeiba ampe Kapteni cha kwanza kingine, kwa mkono wake, kimejaa. Akawasha moto. Swaib akachochea kuni kwa adabu. Mnafiki.
Saa nane Jovia kapiga simu. Anawafuata kwa boda, wameshapita Iganga, hawajalala, viatu vimeisha. Na waragi inadondoka kama inaringa! Saa kumi kikombe kikajaa. Nikaenda kizingitini peke yangu.
Alikuwepo. Koti la kaki, sharubu nyekundu, kofia imeliwa na mchwa. Mkono kaunyoosha.
"Bwana Kapteni, mgao wako," nikasema. Nikamwaga.
Nusu. Nyingine nikaitia kwenye chupa mfukoni. Maiti atapima? Huko Busiu, karibu na Mbale, wanywaji wapo.
Jovia kapiga tena, analia na kucheka. Geresom kakaa chini katikati ya barabara, anauliza nani kamchubua miguu.

Jumapili, 18 Agosti. Jinja.
Harusi imepita. Bwana harusi kacheza akiwa amekaa. Mimi nimecheza kumshinda.
Usiku nimeikuta chupa tupu, kizibo kimefungwa vilevile. Halafu alfajiri sauti ikaita dirishani, "Namba tisa." Nikajikuta nimesimama, miguu pamoja, nimejibu, "Afande."
Haboba analia jikoni. Swaib anafunga mlango kwa kamba. Haitasaidia. Miguu yangu imeshageuka, naandika nikiwa wima.
Ila ile kofia ni aibu kwa ofisa. Kuna fundi mtaa wa Kimaka, hapa Jinja, anawashonea wakubwa wa jeshi. Nitamwuzia Kapteni kofia mpya kabisa, kwa bei ya Kizungu.