Kompyuta Haitawadhi

Jumatatu, 4 Agosti

Alhamdulillahi, nimeamka salama. Kompyuta ya mke wangu haikuamka salama. Imezimika yenyewe tena katikati ya kazi, kama mtu aliyekatwa kauli. Ukiigusa ubavuni, joto la pasi. Feni inanguruma, joto halina habari.

Si kompyuta ya michezo. Mke wangu amepiga picha harusi za watu miaka na miaka kwa kamera ya kuazima. Sasa shule imempa kazi: filamu ya mahafali, ionyeshwe Jumamosi mbele ya wazazi wote. Mwalimu mkuu alikuwa na watu wa studio kubwa, akawaacha, akamwamini yeye. Jumamosi ikifika bila filamu, hataitwa tena hata kumpiga picha paka.

Jioni akaja shemeji yangu, mdogo wake, fundi kompyuta. Mimi humwita Injinia. Hufurahi, hajui kwamba namcheka. Akasema feni imezidiwa, dawa ni kupoza kwa maji. Kuna kitu kinaitwa bloku ya maji: kibamba cha chuma, ukubwa wa kiberiti, kinakaa juu ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta. Maji yanapita ndani yake, yanabeba joto, yanakwenda zake. Akasema Jumatano atakwenda kuichagua.

Nilikuwa nakunywa chai. Nikaweka kikombe chini. Maji? Nyumbani kwangu? Mimi fundi bomba tangu Injinia ananyonya. Nikawaambia bloku nitaichagua mimi. Injinia akasema, "Shemeji, haya si maji ya choo."

Nimemsamehe. Mungu shahidi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimewahi dukani kabla yake. Muuzaji, mama mmoja mwenye haraka zake, akaniwekea bloku mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ya shaba, ndogo, ndani ina mifereji myembamba kuliko meno ya chanuo. Ya pili ya alumini, pana, inang'aa kama kijiko cha wageni, ndani njia moja kubwa. Akasema wanaojua huchukua ya shaba, mifereji ile ndiyo inayokamata joto. Nikamuuliza amezibua mabomba mangapi maishani mwake. Akasema hajawahi.

Basi. Mimi najua mwisho wa njia nyembamba. Unywele mmoja tu, kwisha habari.

Akauliza prosesa yetu ni ya aina gani, maana kila aina na miguu yake ya kufungia. Nikasema ya kawaida. Nikachukua ya alumini.

Nyumbani, miguu haikulingana na matundu ya kompyuta. Hata mguu mmoja. Lakini fundi hakosi ukanda wa bati, ule wa kushikia mabomba ukutani. Nikaukata, nikaukunja, nikakaza mpaka nati ikalia.

Injinia akaja kutazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ukanda ulikuwa bado upo. Akaniomba angalau niweke pampu na rejeta kama ile ya gari, ili maji yazunguke, yapoe, yarudi. Maji yaleyale.

Yaleyale! Neno hilo limenikosesha usingizi.

Jumatano, 6 Agosti

Wasiwasi mtupu. Maji yaliyokwisha tumika hayatawadhiwi, hilo nalijua tangu madrasa. Yakishapita usoni pako yamebeba ya kwako, yamwagike. Sasa maji yaliyobeba joto la kompyuta yarudishwe palepale yabebe tena? Moyo umekataa.

Baada ya swala ya alfajiri nikamuuliza imamu. Ni mtu mpole, na mabomba yote ya udhu hapo msikitini nayatengeneza mimi kwa thawabu, kwa hiyo hunisikiliza mpaka mwisho. Akafikiri. Akasema, "Bwana fundi, kompyuta haitawadhi."

Nikamshukuru. Si sana. Dini anaijua, mashine hajazisomea.

Nimekata shauri: maji mapya daima. Mpira kutoka tangi la juu ya paa, ukapita dirishani, juu ya kochi, ukaingia kwenye bloku. Mwingine ukatoka hadi kwenye pipa la kufulia. Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza mpira utakaa juu ya kochi lake mpaka lini. Nikasema ni kwa muda tu. Akasema hata ule mlango wa uani uliofungwa kwa kamba ulikuwa wa muda tu.

Nikafungua maji taratibu. Kompyuta ikapoa kama mtungi. Kutwa nzima imefanya kazi bila kuzimika. Injinia akasoma kipimo cha joto kwenye skrini, akanyamaza. Utamu wa kimya kile! Nikamwongezea chai ili akae nacho zaidi.

Nimeswali rakaa mbili za shukrani. Ya pili ilijaa uso wa Injinia, ikabidi nianze upya.

Alhamisi, 7 Agosti

Pipa linajaa upesi kuliko nilivyodhani. Nashinda nikichota ndoo. Nguo zote zimefuliwa. Mapazia yamefuliwa. Nimefua na kofia ambayo sikuwa nimeivaa bado.

Balaa lingine. Mke wangu amerekodi sauti yake ya kusimulia filamu. Akanisikilizisha. Sauti nzuri, ya heshima, na nyuma yake: tip. Tip. Bomba la jikoni. Amelilalamikia mwaka mzima. Akasema nyumba za watu wote hazivuji, ya fundi bomba inavuja, na Jumamosi wazazi wa shule nzima watalisikia bomba langu kwenye spika.

Hilo limenichoma. Mganga hajigangi, sawa. Lakini si kwenye spika.

Akarekodi upya ndani ya kabati la nguo. Nilikaa nje nikimsikia katikati ya makoti, "Wapendwa wazazi, karibuni." Akakosea, akajicheka, akaanza tena. Nilimpenda sana saa ile. Nikasema moyoni, huyu mwanamke anastahili bomba.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku nyeusi. Naandika kwa sababu nimekatazwa kugusa kitu kingine chochote.

Baada ya swala ya Ijumaa mke wangu akaanza "kuipika" filamu, ndivyo wanavyosema: vipande vyote vinaunganishwa kuwa kimoja, na kompyuta hutokwa jasho kuliko siku zote. Akaondoka kwenda shuleni kutazama ukumbi. Akaniambia nikae nayo tu. Nisiguse kitu.

Nikakaa. Tip. Nikasoma uradi. Tip. Tip.

Ikanijia: akirudi akute filamu imeiva na bomba limepona. Zawadi mbili kwa mpigo. Nikachukua spana. Sasa, fundi mwenye adabu hafungui bomba kabla ya kufunga maji. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundishwa, na ndilo la kwanza ninalowafundisha wengine. Nikapanda juu ya paa, nikafunga koki ya tangi. Nikashuka. Nikabadilisha mpira wa ndani ya bomba, nikasafisha nyuzi, nikafunga. Kazi safi. Nikawa naimba kaswida.

Ndipo nikasikia kimya. Feni kimya. Sebuleni skrini nyeusi, na ule mpira juu ya kochi umelala kama mkia wa ng'ombe aliyechoka.

Hapo ndipo nilipokumbuka tangi linalisha nini.

Nikapanda mbio, nikafungua koki yote kwa mara moja. Kosa ambalo nimewagombeza wanafunzi wangu maisha yangu yote: fungua kidogo kidogo, hewa itoke kwanza. Hewa ikaja na maji nyuma yake, mpira ukaruka, ukachomoka kwenye bloku, ukaanza kutawadhisha kompyuta. Uso, mikono, miguu, vyote.

Mke wangu akarudi. Akakaa kwenye kiti kilicholowa bila kujali. Akasikiliza jikoni. Akasema polepole, "Baba watoto, bomba hili nimekuomba mwaka mzima. Leo ndiyo umeliona?"

Jumamosi, 9 Agosti

Injinia alikuja jana hiyohiyo. Sikumwita mimi. Akachomoa diski, akaifuta kwa shati lake, akaigeuza huku na huku. Dada yake alikuwa amemsimamia begani. Akasema diski haikuguswa na maji, kila kitu kimo. Wakaondoka nayo kwenda kuipika filamu kwenye kompyuta yake, yenye bloku ya shaba, na maji yaleyale yakizunguka. Hakunisema. Ningefurahi kama angenisema.

Leo ukumbi ulijaa. Filamu nzima sikusikia tip hata moja. Watoto wakapokea vyeti, mama zao wakalia. Mwishoni majina ya waliosaidia yakaanza kupanda. Kamera, yeye. Sauti, yeye. Halafu: Maji na mabomba, mume wangu.

Watu wakacheka. Mimi nikatafuta leso.

Nikamuuliza kwa nini ameniacha pale. Akasema aliandika Alhamisi, hakupata muda wa kufuta. Lakini alikuwa amegeukia ukuta akitabasamu, akidhani simwoni. Nilimwona. Na mwalimu mkuu ameshamwita kwa filamu ya siku ya michezo. Subhanallah.

Jumanne, 12 Agosti

Injinia amefunga bodi mpya mahali pa ile iliyolowa, bloku ya shaba yenye miguu inayolingana, pampu na rejeta. Mimi nilishika tochi. Nikamwambia ni kazi nzuri kwa mtu asiye na mabomba kwenye damu. Akasema, "Asante, shemeji, mulika hapa." Tumepatana.

Nimeapa: nisiingilie tena fani ya mtu. Kila mja na riziki yake.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo hotuba ya Ijumaa imekatika katikati. Amplifaya ya msikiti imezidiwa na joto, imezimika kama mtu aliyekatwa kauli. Imamu akamalizia kwa koo lake mwenyewe, kisha akaomba dua Mungu atujalie mpya. Niliitikia amina, kwa ikhlasi.

Lakini nilikuwa nautazama ukuta. Upande wa pili wa ukuta uleule liko bomba la kwanza la udhu. Tofali moja tu katikati. Na bloku yangu ya alumini bado imo kwenye sanduku la vifaa, haina kosa. Kosa lilikuwa la koki.

Maji yapite kwenye amplifaya kwanza, kisha yatoke bombani. Mapya, hayajamgusa mtu. Na waumini watatawadha kwa maji ya vuguvugu, wazee wataniombea.

Nimeazima ufunguo kwa mwadhini. Nimemwambia kuna bomba linavuja.