Kuzinduliwa kwa Kitengo cha Moyo na Sukari

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Mjumbe anayemwakilisha Mheshimiwa aliyepata udhuru, viongozi wa dini, wadau wa maendeleo, waandishi wa habari hasa wenye kamera, mabibi na mabwana, na ninyi wananchi mlioko kule juani, itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kivulini.)

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wengi wameusifia, kuzindua Kitengo ambacho ni tunda la maono yangu, la ziara zangu za kimafunzo ng'ambo, na la mchakato shirikishi wa upembuzi yakinifu uliokwisha kufikia asilimia tisini na saba ya maandalizi ya kujiandaa. (Makofi.)

Wataalamu wametueleza, nami nikawaelewa kabla hawajamaliza, kwamba mwenye kisukari hauawi na sukari peke yake. Ndani ya damu mna askari, chembechembe nyeupe, ambao ndio kinga ya mwili. Sukari ikizidi kwa muda mrefu, askari hawa hukaa wamekasirika bila adui wa kupigana naye, huingia kwenye kuta za mishipa ya moyo, hula mafuta yaliyojificha humo mpaka wakavimbiwa na kufia papo hapo, na mabaki yao ndiyo yanayoziba njia ya damu. Yaani mlinzi analishwa na mwenye nyumba, anashiba, kisha anamkaba mwenye nyumba. (Kicheko kirefu. Mheshimiwa anageuka nyuma kutazama kilichowachekesha.)

Nitoe mfano hai, ingawa yeye mwenyewe ni marehemu. Dereva wangu mlimjua kwa jina la Breki, kwa kuwa hakuwahi kugonga hata kuku. Alinitumikia miaka mingi. Kisogo chake nakijua kuliko uso wake. Alikuwa na kisukari. Asubuhi moja ananipeleka kwenye semina elekezi kuhusu magonjwa ya moyo, naona shati limemlowa jasho mgongoni na kipoza hewa kinavuma. Akasema, "Mheshimiwa, pumzi inanikataa. Kifua hakiumi, ila nimechoka uchovu nisioujua. Naomba tupitie hospitali." Nikamwambia, "Breki, kama hakiumi, si moyo. Nifikishe kwanza, mimi ndiye mgeni rasmi." Akanifikisha. Tena mapema.

Kwa huruma yangu nikampigia simu mkewe, nikamwambia, "Shemeji, njoo umchukue mzee, umpeleke kwenye Kitengo chetu kipya." Shemeji yupo hapa. Shemeji, sogea kwenye kipaza sauti, uwaeleze wananchi jinsi tulivyokushika mkono. Kwa kifupi.

(Mjane anapanda jukwaani. Anakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.)

"Nilimkuta amekaa garini, kichwa amekiegemeza kwenye usukani. Tukapanda teksi. Nikasema tupelekwe Kitengo cha Moyo na Sukari. Yule wa teksi akaniuliza, 'Kiko wapi, mama?' Tukazunguka. Hospitali ya kwanza hawakijui. Ya pili wakasema wamekisikia redioni. Mume wangu akaniambia, 'Mke wangu, acha kutafuta, twende kwa daktari wetu.' Tulipofika, alikuwa hasemi tena. Daktari akanieleza kwamba sukari ilikuwa imeidhoofisha mishipa yake ya fahamu, ndiyo maana moyo ulikuwa unakufa na yeye hasikii maumivu. Akasema tungewahi kidogo, pengine angemwokoa. Ni hayo tu. Nimeambiwa niseme kwa kifupi."

(Mtu mmoja kule juani anasema, "Haya, mjibu.")

Ahsante, shemeji, kwa ushuhuda mzito. Ndugu wananchi, mtu anapokitafuta Kitengo mpaka akakata roho, hayo ndiyo sisi watunga sera tunayoyaita mahitaji halisi ya jamii, na nimekwisha agiza yaingizwe kwenye ripoti. Zamani hakuna aliyekuwa akikitafuta. Leo kinatafutwa mji mzima. Hayo ni mafanikio ya asilimia mia moja. (Mwenyekiti anapiga makofi peke yake, kisha anaacha.)

Na kwa kuwa mimi si mtu wa maneno matupu, naahidi mpango mkakati wa awamu saba, kikosi kazi cha kukisimamia kikosi kazi kilichopo, na dashibodi ya kidijitali itakayoniwezesha kuona mapigo ya moyo ya kila mwananchi nikiwa ofisini kwangu, au popote nitakapokuwa nimesafiri. Nikisema "Sukari chini", ninyi semeni "Moyo juu". Sukari chini. (Kivulini: "Moyo juu.") Kule juani sijawasikia. Sukari chini. (Kule juani watu wanainuka. Wanamsindikiza mjane kuelekea getini.)

Kwa kumalizia, namshukuru mwalimu mkuu kwa kutuazima madarasa haya. Kibao cha Kitengo kitang'olewa jioni hii, na madawati yarudishwe ndani ili kesho watoto wafanye mtihani wao. Nawashukuru hawa waliovaa makoti meupe, ambao ni maofisa wangu wa itifaki. Makoti yarudi dukani leo leo, yasitiwe madoa. Na ninyi mliokuja na wagonjwa, nawashukuru kwa uvumilivu, ila msipange foleni pale mlangoni. Humo ndani hamna mtu.