Barua Zilizorudi kwa Mwalimu Felista

Siku Mwalimu Felista alipomtajia mhudumu wa intaneti anwani yake ya barua pepe, herufi moja moja kama anayewasomea imla watoto wa darasa la pili, Athanas alikuwa ameketi kwenye kompyuta ya pili, kichwa kinamuuma. Alikuwa na semina ya kuuza. Ilikuwa na hoteli ya kimataifa, posho ya kimataifa na wageni wa kimataifa. Ilikosa tu kuwapo. Na anwani yake mwenyewe ilikuwa imefungiwa kwa utundu. Alihitaji mtumaji mwenye jina safi.

Miaka ile ya soko huria, mjini Morogoro kila mlango uliokuwa duka la ushirika uligeuka duka la simu au intaneti, na wananchi waliambiwa wajiajiri. Athanas alijiajiri kwa moyo wote.

Akaandika anwani ya Mwalimu mahali pa mtumaji. Chini ya barua akaweka namba yake ya simu ya mkononi, wateja wasije wakapotea. Kisha akaituma kwa kila anwani aliyowahi kuiokota, nzima na mbovu.

Baada ya siku chache Mwalimu alirudi, leso mkononi.

"Wananirudishia barua nisizoandika," alimwambia mhudumu. "Mamia! Na binti yangu Esther amelazwa huko ughaibuni, uzazi umekuwa mgumu. Aliahidi kuniandikia humu."

"Sanduku limejaa, mwalimu. Hata ya Esther ikija itagonga mlango na kurudi."

Athanas alinyoosha kola. "Shikamoo, mama. Huu ugonjwa naujua. Mimi ni mtaalamu."

"Marahaba, baba. Mtaalamu wa wapi?"

"Kwetu Tabora. Mnyamwezi."

"Kumbe mtani wangu!" Uso wa Mwalimu ulichanua. "Mnyamwezi anatibu kompyuta? Nyie si wa kubeba mizigo tu?"

"Na nyie Waluguru mkishuka mlimani bila fungu la mboga mnapotea njia."

Walicheka, na Athanas akajua kazi imekwisha. Mtani hamshuku mtani. Akatoa namba yake ya simu na kutaja malipo: beberu mmoja aliyenona, kwani wataalamu wa kweli hawadai fedha taslimu.

"Nitakupa," alisema Mwalimu. "Lakini nieleze kwanza. Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mtu ameandika jina lako nyuma ya bahasha zake. Zisipofika, posta inazirudisha kwako. Usizijibu, usibofye chochote ndani yake. Badilisha neno la siri, kwa tahadhari tu. Halafu tunaweka mtego unaozipeleka zote pembeni, zisijaze sanduku."

Yote yalikuwa kweli tupu, jambo lililomshangaza hata yeye.

"Na zitakoma lini?"

"Akichoka anayezituma."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole. Akatoka, akarudi na chai na maandazi ya watu watatu, kwa sababu alikuwa ameona kwamba mhudumu naye hajala.

Athanas alitaka kufuta zote kwa mpigo, ndipo akaona katikati ya takataka majibu ya samaki wake. Watu walikuwa wamebonyeza "jibu" bila kuangalia namba ya simu, na majibu yote yakaenda kwa mtumaji, yaani Mwalimu! Mmoja alikuwa mwenye mashine za kusaga, ana hamu ya semina kama mtoto anayesubiri Krismasi. Basi hakuna kufuta kwa mpigo. Akaanza kuchambua moja moja, jasho linamtoka.

Mwalimu alivaa miwani, akasoma mojawapo ya zile zilizorudi mpaka chini kabisa. Akavua miwani, akamsogezea Athanas maandazi.

"Kula kwanza, mwanangu. Utakabwa."

Nafasi ilipopatikana, barua moja mpya ikaingia. Esther. Alikuwa amejaribu tena na tena. Mtoto wa kike, mama mzima, jina Yustina. Mwalimu alilia bila sauti. Athanas naye akalilaumu andazi kwa ukavu.

"Sasa ondoka kidogo nibadilishe neno la siri," alisema Mwalimu, akijifuta macho. Akaliandika mwenyewe, kidole kimoja. Kisha, kabla Athanas hajanakili jina la yule wa mashine, akafuta yote yaliyobaki. "Nimetii maagizo, mtaalamu."

Athanas alitabasamu kama mtu aliyeng'olewa jino. Angalau beberu.

Jumapili alimfuata beberu nyumbani kwa Mwalimu, huko Bigwa. Akakuta nyumba imejaa ndugu, vigelegele vya mjukuu, na beberu amefungwa chini ya mparachichi.

"Huyo hapo, ni wako," alisema Mwalimu. "Na mtani akifika penye shughuli hakai kama mgeni. Chinja, tule."

"Mwalimu, beberu wangu..."

"Mtani hakasiriki!" walipiga kelele ndugu wote. Mmoja alikuwa tayari amevaa viatu vya Athanas.

Alichinja, akachuna, akapanda na ndoo za maji kutoka mtoni, akaosha sufuria. Jua lilipoegemea, Mwalimu alimletea sahani: kipande kizuri kuliko vyote, na pilipili pembeni. Akaketi karibu yake.

"Kule gereza la Kingolwira wafungwa wanalima vizuri sana," alisema kwa upole. "Ila mtani wangu sikutaka kukuona huko. Namba yako ya simu ni nyepesi kukumbuka."

Athanas aliirudisha nyama kwenye sahani.

"Umechoka, baba?"

"Nimechoka, mwalimu."

"Basi kula."

Tangu wiki ile barua hazikurudi tena. Viatu navyo havikurudi.