Risasi ya Kwanza ni ya Fundi

Fundi Barthélemy alikuwa anapiga tupa kwenye kitako cha bunduki, palepale alipopiga jana na juzi, na sisi wa benchi lake hapa Nyamitaba tulikuwa tunatazama vumbi la mti likianguka. Kitako kilikwisha kuwa laini kama shavu la mtoto mchanga. Yeye aliendelea.

Ilikuwa gobori, bunduki ile ya kushindiliwa baruti mdomoni. Kwenye milima yetu bunduki za kiwandani ni nyingi, na wenye nazo wote huja kupora kuku. Hii iliyoundwa kwa mkono ndiyo pekee iliyoagizwa kwa ajili ya makako, wale nyani wanaokula mahindi ya Mama Adrienne kando ya msitu. Mwenyewe alikuwa amekaa nasi, mkoba magotini, akiingoja.

Sebarenzi, tunayemwita Komunike kwa sababu redio yake hailali, ndiye aliyeleta habari: upande wa Walikale, gobori imempasukia mwindaji usoni. Redio, kusema kweli, ilisema mtu huyo ameungua masharubu. Komunike alipomaliza chai yake, mwindaji hakuwa na masikio wala nyumba yake paa.

Tupa ilisimama kidogo, kisha ikaendelea polepole zaidi.

Katika ukoo wa Barthélemy kuna desturi. Risasi ya kwanza hupigwa na fundi mwenyewe, bunduki begani, na mnunuzi husimama karibu naye. Wiki nzima Mama Adrienne alikuwa anakuja kusimama, na wiki nzima anaambiwa kitako bado.

Philippe, mfanyabiashara wa Butembo, jina lake la kijiweni Transport, alisema haoni sababu ya woga. Mtutu ulitokana na bomba la usukani la lori lake.

"Ile bomba iko kitu ya nguvu," alisema. "Ilipanda milima yote ya huku."

"Tulikuwa tunaisukuma, Papa Philippe," Komunike akamjibu. "Lori yako haikufika Walikale hata siku moja. Risasi yake njo itafika kwa makako?"

Transport akajitetea kwamba bomba lilivunjika mara moja tu, na makanika wake aliliunga vizuri sana. Barthélemy hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Mama Adrienne aliweka mkoba chini, akasimama.

"Papa Barthélemy, mahindi yangu iko inaisha. Kama unaogopa, leta. Mimi njo nitapiga."

Akanyoosha mikono. Transport alikuwa amekwisha kuhamia nyuma ya Komunike. Barthélemy aliinua bunduki, akaitazama mikono ile, akairudisha kifuani pake. Halafu akagonga pini, akauchomoa mtutu, akaulaza juu ya fuawe na kuchukua nyundo kubwa. Haikuhitaji nguvu nyingi. Palepale palipoungwa, chuma kikafunguka kama ganda la haragwe kavu.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa natumaini kitako itanisaidia."

Hakuna aliyecheka, hata Komunike. Transport aliokota kipande kimoja, akakigeuza, akakirudisha chini taratibu.

"Na makako ya kesho asubuhi?" Mama Adrienne aliuliza.

Barthélemy alijibu kwamba atakwenda shambani yeye mwenyewe na bidoni tupu, lile dumu la mafuta, aigonge mpaka wakimbie, kisha arudi kutafuta chuma kingine. Akatuuliza nani atamsindikiza. Komunike alikumbuka habari za asubuhi. Transport alikumbuka misa, ingawa kesho si Jumapili. Mimi nilisema nitaona, na watu wa huku wanajua maana yake.

Mama Adrienne alichukua mkoba wake.

"Bidoni utaipiga weye mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi nitasimama karibu."

Tukatawanyika. Kitako kilibaki kimebanwa kwenye jiliwa bila mtutu, na tupa juu yake.